Niliichoma Santuri Isiyokuwa Yangu

Asifiwe Bwana aliyenipa pumzi ya kusimama mbele yenu asubuhi ya leo! Haleluya! Asifiwe tena!

Ndugu zangu, wengi mnanifahamu. Mimi ni Bwire, fundi redio wa Nyasho, kile kibanda chenye mlango wa bluu. Nimewatengenezea redio wengi wenu humu ndani, na wengine mmeziacha kwangu mpaka panya wamezaliana ndani ya spika. Lakini leo sikusimama kudai redio. Nimesimama kushuhudia.

Siku ya ushuhuda tumezoea kumsikia mtu aliyetolewa kwenye gongo, au aliyeacha hirizi, au aliyekuwa anampiga mke wake. Tunasema haleluya, na ni vizuri. Mimi sikunywa pombe maisha yangu yote. Kwa mganga sikwenda. Mke wangu sijawahi kumnyanyulia mkono. Kwa hiyo mtauliza, huyu fundi alikombolewa na nini? Ndugu zangu, Bwana alinitoa pabaya kuliko baa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaokoka! Nilikuwa ninaketi benchi lile la pili, na Biblia yangu, na tai yangu, na moyo mgumu kama jiwe la kusagia. Na akatumia muziki kunitoa. Albamu za muziki! Msinitazame hivyo, wazee wangu. Nisikilizeni mpaka mwisho.

Niwarudishe kwanza miaka ile ya shida. Wenye umri wangu mnaikumbuka. Sabuni ya mche tuliikata kwa uzi, kila nyumba kipande chake. Sukari ya foleni. Betri za redio tukizianika juani juu ya bati kama dagaa, zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari tu. Mimi nilikuwa kijana, nimejifunza ufundi kwa mjomba wangu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kufufua vitu ambavyo vipuri vyake havipatikani popote.

Siku moja akaja msichana wa Kigera na gramafoni kichwani. Baba yake, Mzee Masatu, alikuwa baharia wa meli za humu ziwani, na kila meli ilipotia nanga Kisumu alikuwa ananunua santuri. Mzee alikuwa ameanza kuugua kifua, hawezi kazi tena, na kitu pekee alichokitaka ni muziki wake. Gramafoni ikagoma. Basi akamtuma binti yake, Nyangeta.

Nikaifungua, nikaitengeneza. Nikamwambia, "Dada, siwezi kujua kama imepona bila kupima. Lete santuri moja."

Akaenda Kigera kwa miguu, akarudi nayo imefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Ilikuwa albamu ya muziki wa dansi, jalada la kijani, wanaume saba wenye suruali pana wamesimama mbele ya gari. Nikaiweka. Ndugu zangu, magitaa yalipoanza, yule msichana aliyekuwa amenyamaza kama maji ya mtungi akaanza kuimba. Hakuwa ananiimbia mimi. Alikuwa ananyoosha kanga yake huku anaimba, kama mtu aliye jikoni kwao. Nikajua hapo hapo. Nilimwambia gramafoni bado ina kasoro kidogo, arudi kesho. Haikuwa na kasoro yoyote. Mungu alishanisamehe huo uongo, na Nyangeta naye.

Mzee Masatu alifariki miezi michache kabla ya ndoa yetu. Nyangeta akaja kwangu na kikapu cha santuri za baba yake. Mabinti wengine waliletwa na masufuria. Yeye santuri. Na nyumba yetu ya Nyasho haikuwa na sukari wala mafuta ya taa, lakini ilikuwa na wimbo. Akipaa magamba ya sato, anaimba. Akichambua mchele wenye mawe wa foleni, anaimba. Tukampata Ester, naye akalala kwa nyimbo za mabaharia!

Halafu ukaja mkutano mkubwa wa injili pale uwanjani. Niliingia na shida zangu, nikatoka mtu mpya. Hilo silifuti! Wokovu wangu wa siku ile ulikuwa wa kweli. Nililia mpaka shati likalowa. Na mwinjilisti akasema, na maneno yake nayakumbuka vizuri, akasema, "Kesho kila mmoja alete kile kilichomfunga yeye, tukichome hapa mbele za Bwana."

Kilichomfunga yeye. Mmesikia?

Asubuhi yake Mama Ester alikuwa ameenda mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kununua dagaa. Mimi nikaingia ndani, nikabeba kikapu chote cha santuri za Mzee Masatu. Sikumsubiri. Sikumuuliza. Nilijiambia mimi ni kichwa cha nyumba na nyumba yangu haitakuwa na muziki wa dunia. Nikazipeleka.

Santuri haiungui kama karatasi, ndugu zangu. Inajikunja kwanza, kama inaona baridi. Halafu inatoa moshi mweusi wenye harufu ya kukaba koo. Wengine walileta hirizi, wengine sigara, mmoja alileta kete za kamari. Watu wakanipigia makofi mimi kuliko wote, maana kikapu changu kilikuwa kikubwa. Nikainua mikono juu. Niliposhusha macho, nikamwona Mama Ester nyuma ya watu, Ester mgongoni, beseni la dagaa kichwani. Alitazama mpaka ile ya kijani ikaisha.

Nilimfuata. Nikamwambia, "Mama Ester, tumekuwa huru."

Akasema, "Sawa, Baba Ester."

Akaenda kuanika dagaa.

Sasa nifike pale ninapoona aibu. Mimi pia nilikuwa na albamu yangu. Moja tu. Ya rumba, kutoka Zaire, aliniachia dereva mmoja wa lori aliyeshindwa kulipia ufundi wa redio yake. Hiyo sikuipeleka uwanjani. Ilikuwa kibandani, chini ya sanduku la vipuri, na nilijiambia ni ya kupimia spika za wateja. Chombo cha kazi! Tena iliimbwa Kilingala, maneno siyaelewi, na nikajihesabia kwamba neno usilolielewa haliwezi kukutia dhambini. Ndugu zangu, shetani hana haja ya kututafutia visingizio, tunavishona wenyewe! Jioni nikifunga dirisha la kibanda naiweka, upande wa kwanza na wa pili, natikisa kichwa peke yangu. Halafu naenda ibada ya katikati ya wiki kukemea muziki wa dunia.

Na nyumbani kukawa kimya.

Mwanzoni sikuliona. Nilidhani ni utulivu wa kiroho. Mama Ester alipika, akafua, akaja kanisani, akafungua kinywa wakati wa tenzi. Lakini wimbo wake mwenyewe, ule wa kupaa samaki, uliisha. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Shida ile ya madukani ikaanza kulegea, tukaingia wakati wa ruksa, bidhaa za nje zikaruhusiwa. Mitumba ikafika, sabuni za rangi zikafika, betri mpya zikafika. Kila kona ya Musoma mtu ana kaseti, kila duka linapiga muziki wake, hadi Mwisenge ukipita unasikia nyimbo nne kwa mpigo. Kwangu kimya. Hata Ester alipoanza kuruka kamba na wenzake na kuimba zile nyimbo za watoto za kupiga makofi, mimi nilikuwa natoka mlangoni nasema, "Acheni kelele hizo za dunia, nitaichoma hiyo kamba!" Nilisema hivyo mara ngapi? Sijui. Mtoto alijua.

Ester alipokuwa na kama miaka minane, mwalimu wa shule ya Jumapili akawapanga watoto waimbe mbele, mmoja mmoja, ubeti mmoja mmoja. Wapo humu waliokuwepo. Wakaimba wawili, watatu. Ikafika zamu ya Ester. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Mwalimu akainama, akamwambia kwa upole, "Imba, mama, usiogope."

Ester akasema, na kanisa lote likasikia, "Mwalimu, nikiimba baba atauchoma."

"Atachoma nini?"

"Wimbo."

Watu walicheka. Mtoto amesema jambo la kitoto, nani asingecheka? Lakini mimi, pale benchi la pili, niliona kama mtu amenimwagia maji ya ziwa mgongoni. Sikusikia mahubiri ya siku ile. Mkiniuliza mchungaji alihubiri nini, sijui mpaka leo.

Tulipofika nyumbani, baada ya kula, Ester akaenda kwa jirani. Nikabaki na Mama Ester, anaosha vyombo. Nikamuuliza, "Mama Ester, mbona wewe siku hizi huimbi?"

Siku hizi! Ilikuwa imepita miaka sita!

Aliendelea kuosha sufuria mpaka likaisha. Akaligeuza. Akakausha mikono. Kisha akasema, "Baba Ester, wewe ulisoma nyuma ya lile jalada la kijani?"

"Jalada lipi?"

"La baba. Lile ulilolichoma."

Nikamwambia sikusoma.

"Baba alikuwaga hana daftari," akasema. "Kila mtoto akizaliwa, anaandika nyuma ya lile jalada kwa kalamu. Jina, na siku, na hali ya ziwa. Mimi aliniandika, Nyangeta, Jumanne, ziwa limetulia, nimefika salama. Mdogo wangu aliyekufa na surua naye aliandikwa pale. Mahali pengine popote hakuandikwa. Picha hana. Alikuwa pale tu."

Nikasema, "Kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa na hasira. Akasema, "Ningekuambia lini? Nilikuta zinawaka." Kisha akaongeza, "Na ile yako je, ya kule kibandani? Mwaka ule ule nilikuletea chakula, nikaisikia kwa nje. Nikasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, nikarudi na chakula. Nilikuambia nilisahau kupika. Unakumbuka?"

Niliikumbuka siku hiyo. Tena nilimgombeza kwa kusahau kupika!

Yesu wangu! Miaka yote ile mke wangu alijua. Alikaa benchi la wanawake akinisikia nakemea, na alijua. Hakunitangaza, hakumwambia mama yangu, hakumwambia mchungaji. Aliacha kuimba tu.

Kesho yake nilikwenda kwa mchungaji wetu wa wakati ule, nikapiga magoti, nikalia. Nilitaka anisikilize, aniombee, niondoke mwepesi. Alinisikiliza vizuri. Halafu akasema, "Bwire, simama. Toba hii umeileta nyumba isiyo yake. Mungu amekusikia, lakini mimi hukunichomea kitu. Nenda kwa mwenyewe. Na kama kuna kinachoweza kutengenezwa, wewe ni fundi."

Nikarudi nyumbani nikapiga magoti jikoni, kwenye majivu. Nikamwambia Mama Ester, "Nimekukosea wewe, na baba yako, na mdogo wako." Nikamwambia nitaileta ile albamu yangu ya Zaire aichome kwa mkono wake.

Akasema, "Usichome kitu tena katika nyumba hii. Inuka, ugali unapoa."

Basi nikaanza kutafuta. Jalada la Mzee Masatu halipatikani, nililijua hilo. Lakini muziki ule ulichapwa mwingi, lazima kuna mtu mkoa mzima wa Mara aliyebaki nao. Niliwauliza wateja, nikauliza mabaharia wa zamani, nikauliza wenye baa, mimi mlokole nasimama mlango wa baa naulizia santuri! Watu wakasema fundi amerudi duniani. Nilikubali. Wacha waseme.

Mteja mmoja akaniambia kuna mwalimu mstaafu Butiama, mpenzi wa dansi tangu ujana. Nikapanda baiskeli mpaka huko. Mwalimu akanipokea vizuri, nikamweleza ile ya kijani, wanaume saba, gari. Akacheka, akaita, "Mama, lete lile bakuli!" Mke wake akatoka na bakuli jeusi lenye mtama ndani. Ndugu zangu, ilikuwa ni ile albamu! Miaka ya shida walikosa vyombo, mama yule akaichovya santuri kwenye maji ya moto, akaikunja ikawa bakuli. Katikati bado karatasi yake ilionekana.

"Pole sana, mwanangu," mwalimu akaniambia. "Lakini usikate tamaa. Kuna fundi cherehani Bunda, pale karibu na soko, Mzee Shabani. Zamani tulikuwa tunaazimana. Yeye hawezi kukunja santuri."

Nikaenda Bunda kwa basi, na mfuko wangu wa vifaa, na redio kaseti yangu, na kaseti tupu. Mzee Shabani alikuwa na kofia yake ya kufuma na futi shingoni, anashona sare za shule. Nikamsalimu, "Shikamoo, mzee," nikamweleza shida yangu. Nilimweleza yote. Sikuficha hata kuchoma. Alishona mpaka mwisho wa pindo ndipo akainua uso.

Akasema, "Santuri ninayo. Siiuzi."

Nikasema, "Sikuja kununua, mzee. Nakuomba niirekodi."

"Utairekodi na nini? Gramafoni yangu imekufa. Mkanda uliyeyuka, mafundi wote wa hapa wameshindwa."

Ndugu zangu, Mungu ana njia zake! Nilikaa sakafuni, nikaifungua. Mkanda wa kuzungusha sahani ulikuwa umekuwa lami. Nikaomba mpira wa ndani wa baiskeli, uliochakaa. Nikaukata duara kwa mkasi wa Mzee Shabani, mara ya kwanza ukawa mnene, ya pili ukakatika, ya tatu ukakaa. Sindano nilikuwa nayo. Tukatia betri. Sahani ikazunguka! Mzee Shabani akaacha cherehani, akashika ndevu, akasema, "Alhamdulillahi." Na mimi nikasema haleluya, na sikuona kama tumegombana.

Akaitoa ile albamu kabatini, imefungwa kwa kitambaa cha bitana. Jalada la kijani. Wanaume saba. Nikaligeuza nyuma, sijui kwa nini. Lilikuwa jeupe.

Tukafunga mlango, nikaweka redio kaseti mbele ya spika, tukarekodi. Mlango wa mbao hauzuii Bunda nzima. Jogoo akaingia. Mzee Shabani akakohoa katikati ya gitaa, akafunika mdomo akaomba radhi, na radhi nayo ikaingia. Wimbo wa nne ulipokuwa unaisha, adhana ya adhuhuri ikaanza, ikaingia yote. Upande wa pili tukaanza tu, sahani ikaanza kuchoka, sauti ikazama kama mtu anayesinzia. Betri zimeisha. Ilikuwa Ijumaa, maduka ya jirani yamefungwa kwa swala, mzee mwenyewe anawahi msikitini, na basi langu linaondoka. Nikarudi na upande mmoja.

Mama Ester alikuwa anachambua mchele nilipoweka kaseti mezani. Nikabonyeza. Yalipoanza magitaa, mikono yake ikasimama juu ya ungo. Alisikiliza bila kusogea. Kwenye kikohozi cha Mzee Shabani akacheka! Akauliza, "Huyu nani?" Nikamwambia. Adhana ilipoingia akainamisha kichwa mpaka ikaisha. Halafu kaseti ikakata.

"Upande wa pili uko wapi?"

"Betri ziliisha, Mama Ester."

"Baba alikuwaga anapenda upande wa pili," akasema. "Na mimi naupenda huo huo. Huu wa kwanza walikuwa wanaupenda kaka zangu."

Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Nikamwambia nitarudi wiki ijayo.

Akasema, "Tutarudi wote."

Tukaenda, mimi na yeye na Ester, na betri mpya mfuko mzima. Mzee Shabani akatupokea kwa chai na mihogo. Alimkaribisha Mama Ester kwenye kiti chake mwenyewe. Santuri ikageuzwa upande wa pili. Mimi nikapiga magoti nikishika redio kaseti, nimebonyeza, sithubutu hata kupumua kwa nguvu, kwa sababu kila sauti inaingia.

Wimbo wa pili wa upande ule, Mama Ester akasimama. Akavua kandambili. Akacheza! Taratibu, hatua za watu wazima, mkono mmoja umeinuliwa kidogo kama ameshikwa na mtu mrefu. Ester alimtazama mama yake kinywa wazi, halafu akaenda akamshika mkono ule mwingine. Wakacheza wote wawili kwenye vipande vya vitambaa, na Mama Ester akaimba, na Ester asiyejua maneno akaimba naye hivyo hivyo. Mimi machozi yananitiririka mpaka shingoni na siwezi hata kupenga kamasi! Kaseti ile ninayo. Ukisikiliza vizuri, chini ya ngoma unasikia miguu.

Kwenye basi la kurudi nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini mdogo wangu hajarudi kwenye lile jalada, Baba Ester. Hilo ulijue." Nalijua. Ndugu zangu, msidhani kila kilichoungua kinarudi. Kingine hakirudi. Bwana anasamehe, na majivu yanabaki majivu, na unajifunza kuishi kwa adabu mbele yake.

Ile rumba yangu niliitoa kibandani, nikaileta nyumbani mchana kweupe. Tukaisikiliza wote. Mama Ester akaisikiliza pande zote mbili kwa makini, halafu akasema, "Na hii ndiyo uliyokuwa unajifungia nayo? Hata si nzuri sana." Tangu siku hiyo, ndugu zangu, nami nimeanza kuona haikuwa nzuri sana.

Na albamu nyingine ninayoipenda mnaijua, maana ni yenu. Kaseti ya kwanza ya kwaya yetu, tuliyorekodi humu humu kanisani, nimetundika mablanketi madirishani kuzuia kelele za barabarani. Niliidurufu kibandani kwangu kaseti moja moja. Mama Ester yumo, sauti ya pili. Mnasubiri niwaambie Ester naye amekuwa mwimbaji mkubwa. Hapana! Ester sasa ni mwalimu wa shule ya msingi Butiama, yupo benchi la nne, na sauti yake ameirithi kwangu, mnaisikia wenyewe kila Jumapili. Haendi na ala hata kidogo. Lakini anaimba kwa nguvu kuliko kwaya nzima, na ole wake atakayemwambia apunguze!

Sasa nimalizie, nimeona mchungaji anatazama saa.

Nimesikia vijana wetu wanapanga moto Jumamosi ijayo, kila mtu alete kaseti za dunia. Sikusimama kuwazuia. Mimi ni nani wa kuzuia? Mtu akijua kitu kinamfunga, akileta kwa mkono wake, naomba Bwana ampokee. Lakini vijana wangu, leteni cha kwenu. Cha mama yako kiache. Cha mke wako muulize. Na kabla hujakitupa kitu motoni, kigeuze, usome nyuma kimeandikwa nini.

Na wewe baba uliye hapa, ambaye nyumba yako ni tulivu sana na unajivunia. Leo mchana kaa jikoni. Muulize mwenzako swali moja tu, kwa upole, na umwache amalize kuosha sufuria kabla hajajibu. Utaogopa jibu, najua. Mtegemee Yesu, lisikilize lote. Mimi lilinivunja, na bado nipo, na nina furaha ambayo sikuwa nayo siku ile nimeinua mikono mbele ya moto. Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Namshukuru Mzee Shabani wa Bunda, muungwana yule, ambaye kila nikienda namkagulia mkanda wake.

Mama Ester ameshanikazia macho. Aliniambia nishuhudie yote isipokuwa pale alipocheza. Nimeshasema, mke wangu, nisamehe na hilo.

Naketi sasa. Mama Ester, simama utuanzishie wimbo. Wowote unaoutaka wewe.